Malisho ni Haki ya Umma: Nyasi za Bara, Nyama ya Visiwani na Somo la Hima

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huu wa 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Azimio hilo lilipitishwa Machi 2022 kwa pendekezo la Mongolia, nchi ambayo maisha yake yamesimama juu ya nyasi na mifugo. Huku kwetu visiwani tangazo hilo limepita kimya kimya. Wengi tunaona mambo ya mbuga na malisho ni ya watu wa Bara, na sisi shughuli zetu ni bahari, karafuu, minazi na wageni. Katika makala hii tunataka kuonesha kwamba jambo hili linatuhusu kwenye sahani zetu, kwenye ibada zetu na kwenye viwanja vya vijiji vyetu, na kwamba sharia yetu ilishalizungumza kabla ya mikutano hii kwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu.

Nyama yetu inatoka wapi?

Kila inapokaribia Idi Kubwa, mazungumzo ya nyumbani ni yale yale: mbuzi kiasi gani mwaka huu, ng'ombe wa kushirikiana watu saba atapatikana kwa bei gani, na kwa nini bei imepanda tena. Lawama huwaangukia wachuuzi, na wengine wao wanastahiki. Lakini ni wachache wanaouliza mnyama huyo amekula nini na wapi kabla ya kufika bandarini.

Ng'ombe na mbuzi wengi wanaochinjwa kwetu huvushwa kutoka Tanzania Bara. Huanza safari kwenye minada ya Shinyanga, Mwanza, Singida, Dodoma na kwingineko, wakapakiwa kwenye malori hadi kwenye minada mikubwa kama Pugu, Dar es Salaam, kisha wakavushwa bahari. Sehemu kubwa ya wanyama hao hawakukulia kwenye mabanda wakilishwa chakula cha gunia. Wamekulia kwenye nyasi za asili, zilizoota kwa mvua ya Allah na kuchungwa na watu ambao hatuwajui kwa majina. Mvua ikikosekana huko, au malisho yakichakaa, mnyama anakonda, mfugaji anauza kwa hasara, na sisi baadaye tunanunua kwa bei kubwa.

Qur'ani imetuelekeza tuangalie jambo hili. Katika Surat Abasa (aya ya 24 hadi 32) mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake: maji yaliyomiminwa, ardhi iliyopasuliwa, nafaka, zabibu, mizaituni, mitende, kisha matunda na majani ya malisho, manufaa kwetu na kwa wanyama wetu. Nyasi zimetajwa pamoja na matunda, katika neema ile ile. Na katika Surat Al-A'la Allah anajisifu kwamba Yeye ndiye aliyeyatoa malisho.

Nyasi hufanya kazi gani?

Wengi tumezoea kuona nyasi ni kitu cha kufyekwa. Ardhi yenye nyasi peke yake tunaiita pori au ardhi tupu, na yenye miti ndiyo tunayoiita mazingira. Hili ni kosa, na limeleta hasara kubwa.

Allah ameumba nyasi kwa namna ya ajabu. Mimea mingi huota kwa kuongeza ncha ya juu, ukiikata ncha unairudisha nyuma. Nyasi, sehemu yake ya kuchipulia iko chini, karibu na udongo. Ndiyo maana mnyama anakula na jani linarudi. Chini ya ardhi kuna mizizi mingi kuliko tunavyodhani. Mizizi hiyo inashika udongo, inafungua njia ya maji ya mvua kuzama, na inahifadhi hewa ya ukaa ardhini hata pale moto unapopita juu.

Lakini nyasi zina haki yake, nayo ni kupumzishwa. Zikiliwa tena na tena kabla mizizi haijajaza akiba, mizizi inafupika na nyasi zinakufa. Nafasi yake inabaki wazi, jua linaukausha udongo, mvua ikija inateremka na udongo badala ya kuzama. Kisima kinakauka na bonde linajaa tope. Kisha huja vichaka ambavyo mnyama hawezi kuvila.

Mfano uko kwa jirani zetu wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Baringo, ulipandwa mti wa kigeni ambao wenyeji wameuita mathenge, kwa nia nzuri ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti huo ukaenea na kuyafunga malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wananchi walifikisha malalamiko yao mahakamani Nairobi, wakampeleka na mbuzi aliyepoteza meno kama ushahidi. Kwa hivyo tunaposema tupande miti, na ni jambo jema lenye thawabu, tujue pia kwamba si kila uwanda uliwekwa wazi kwa kukosa mwenye kuupanda. Mwingine Allah ameuumba uwe uwanda.

Hali ilivyo sasa

Mei 2024, sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupambana na Kuenea kwa Jangwa ilitoa ripoti maalumu kuhusu nyanda za malisho. Ripoti ilieleza kuwa nyanda hizi zimechukua takriban asilimia 54 ya ardhi yote ya dunia, kwamba watu kiasi cha bilioni 2 wanazitegemea kwa namna moja au nyengine, na kwamba hadi nusu yake zimechakaa. Sababu zilizotajwa ni kuzigeuza mashamba, kuzilisha kupita kiasi, ukame, na sera zinazomnyima mfugaji nafasi ya kuhama na mifugo yake. Desemba ya mwaka huo nchi wanachama wakakutana Riyadh, na mkutano unaofuata umepangwa kufanyika Mongolia mwaka huu.

Karibu na sisi, kuanzia mwishoni mwa 2020 Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wengi wa waliopoteza ni ndugu zetu Waislamu wa kaskazini ya Kenya, Somalia na mashariki ya Ethiopia. Mwenye mbuzi arubaini aliyekuwa akitoa zaka, akawa yeye ndiye wa kupewa zaka. Ukame unatoka kwa Allah, na kwake tunaomba mvua. Lakini ukame ukikuta malisho yaliyohifadhiwa, mfugaji huwa na pa kukimbilia. Ukikuta ardhi iliyokwisha kuchakaa, mifugo humalizika.

Hima: uhifadhi aliouweka Mtume

Waarabu wa zama za Jahiliyya walikuwa na desturi ya mkubwa wa kabila kujitengea malisho mazuri kwa ajili ya wanyama wake, akawazuia wengine huku yeye akilisha pamoja nao kwengine. Malisho hayo yaliitwa hima. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliuvunja upendeleo huo. Katika hadithi iliyopokewa na Al-Bukhari amebainisha kuwa hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume wake, yaani hakuna mtu binafsi anayeweza kuyafungia malisho kwa manufaa yake. Na katika mapokezi ya Abu Daud amefundisha kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Akakataza pia mtu kuzuia maji yaliyomzidi kwa hila ya kuwazuia wengine wasifike kwenye nyasi zilizo karibu nayo.

Hata hivyo hakuiacha ardhi iwe ya fujo. Alilihifadhi bonde la An-Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Baada yake Sayyidna Umar (Radhiyallahu anhu) akahifadhi Ash-Sharaf na Ar-Rabadha. Kwa hivyo hima ilibaki, ila ilibadilishwa mwenyewe: kutoka kwa mkubwa wa kabila ikawa ya maslahi ya umma.

Namna Umar alivyoisimamia ndiyo somo lenyewe. Al-Bukhari amepokea kwamba alimuweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, awe msimamizi wa hima. Akamuusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mkali kwa mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan, na hao ni katika Sahaba bora na matajiri. Sababu aliyoitoa ni wazi: mifugo ya matajiri hao ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini mnyonge mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kuomba, na kumpa maji na majani ni wepesi zaidi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Kisha Umar akakiri kwamba wenyeji wa ardhi ile wanahisi kuwa amewadhulumu, kwa sababu ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wamesilimu wakiwa juu yake. Akaapa kwamba lau si wale wanyama wanaobeba watu katika njia ya Allah, asingeifunga ardhi yao hata shibri moja.

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wamelijenga jambo hili vizuri. Al-Mawardi ameliwekea mlango katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Imamu An-Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya mwambao hadi leo, ameeleza kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba kiongozi anaweza kuhifadhi sehemu ya ardhi isiyo na mwenyewe kwa malisho ya wanyama wa zaka, wanyama waliopotea, na wanyama wa watu dhaifu wasioweza kwenda mbali kutafuta malisho. Anaweza kuifungua haja ikiwepo. Na haijuzu kuihifadhi kwa nafsi yake.

Tukiyakusanya haya tunapata masharti ya uhifadhi wa haki: uwe wa maslahi ya umma, usimamiwe na mwenye mamlaka, usiwe na upendeleo kwa mkubwa, mnyonge awe wa mwanzo kunufaika, na ufunguliwe haja inapodai.

Zilipovunjwa, na ziliporejeshwa

Hima ziliendelea Bara Arabu kwa karne nyingi chini ya vijiji na makabila. Mwaka 1953 dola ya Saudi Arabia ilizifungua hima za makabila kwa wafugaji wote. Nia inaweza kuwa ilikuwa usawa. Lakini hakukuwekwa msimamizi mwengine mahali pa wale wa zamani. Malori ya maji na shayiri ya ruzuku vikawezesha mifugo mingi kukaa mahali pamoja muda mrefu, na nyanda nyingi zikachakaa. Somo hapa ni kwamba kitu cha wote kisichokuwa na msimamizi huishia kuwa cha mwenye gari na pampu. Katika miaka ya karibuni Jordan na Lebanon zimeanza kuzirejesha hima kwa kushirikiana na wanavijiji.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili: eneo la nyasi linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa lijijaze, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali ili liokoe ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Ni hima kwa jina jengine. Ukataji wa misitu kuua mbung'o, mashamba ya pamba na tumbaku, na kuhamishiwa watu kwenye vijiji vya Ujamaa kuliuvunja utaratibu huo, hata Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, zilikuwa zimebakia kiasi cha hekta 600 tu za ngitili zilizoandikwa. Wataalamu wakaamua kuwauliza wazee badala ya kuwafundisha. Mabaraza ya jadi na sungusungu wakasimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Nyasi zilirudi, kuni zikapatikana karibu, na kina mama wakapunguziwa mwendo wa kutafuta maji.

Hata hapo ilionekana kasoro ambayo Umar aliitahadharisha. Baadhi ya maeneo wenye ng'ombe wengi ndio waliopata ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe akabaki nje ya uzio, akilipia nyasi ambazo zamani zilikuwa bure. Nyasi zilihifadhiwa, lakini haki ya mnyonge haikuhifadhiwa kwa kiasi kile kile.

Je, kila uhifadhi ni wa haki?

Hili ndilo swali gumu la zama zetu. Juni 2022, serikali ya Tanzania iliweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500 hivi katika Loliondo, zikawa Pori la Akiba la Pololeti. Wafugaji wa Kimasai wakapinga, kukatokea vurugu na watu kuumia. Serikali ilisema inalinda chanzo cha maji na mapito ya wanyama wa Serengeti. Wafugaji walisema hayo ni malisho yao ya kiangazi, na kwamba wanyama pori wamekuwepo pamoja na ng'ombe wao siku zote. Kule Ngorongoro nako, suala la kuwahamishia wakaazi Msomera, Handeni, limeleta mvutano uliofika mitaani Agosti 2024.

Sisi si mahakama, na hatutoi hukumu juu ya kesi ambayo wenye mamlaka na wenye haki wanashughulika nayo. Tunachosema ni kwamba Muislamu anayo mizani. Hatari ya malisho kuchakaa ni ya kweli, na mifugo ikizidi uwezo wa ardhi lazima pawepo mpaka. Lakini mizani ya Umar inauliza: aliyezuiwa ni nani, na aliyeruhusiwa ni nani? Ikiwa mwenye mbuzi kumi anazuiwa na tajiri anayekuja kuwinda au kujenga hoteli anaruhusiwa, hiyo imefanana zaidi na hima ya Jahiliyya kuliko hima ya Mtume. Na ikiwa lazima mtu aondolewe kwa maslahi ya kweli ya umma, basi asikilizwe, afidiwe, na ikumbukwe kwamba dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia.

Na sisi visiwani?

Kwanza, tuangalie viwanja vyetu. Mafakihi wamezungumzia harimu ya kijiji, yaani eneo ambalo wanakijiji wote wanalihitaji na ambalo haijuzu mtu mmoja kulihuisha na kulimiliki. Minhaj inataja mahali watu wanapokutania, pa kukimbizia farasi na pa kupumzishia ngamia. Leo tafsiri yake ni uwanja wa mpira, njia ya kwendea kisimani na ufukweni, na uwanda ambao mjane anafunga kamba mbuzi wake wawili. Vijiji vingi vya pwani vimeuza sehemu hizi, au zimeuzwa na wachache bila ya wengi kujua, kisha ukajengwa ukuta. Fedha zimekwisha na mbuzi hana pa kula. Anayetia saini kuuza haki ya kijiji ajue ameuza kisichokuwa chake peke yake.

Pili, sisi tuna malisho mengine ambayo watu wa Bara hawana, nayo ni majani ya baharini. Yale majani marefu ya kijani tunayoyakanyaga maji yakitoka si uchafu, na si sawa na mwani unaolimwa. Yana mizizi, maua na mbegu kama nyasi za nchi kavu. Ndiyo malisho ya tafi na kasa, na ndiyo malezi ya samaki wadogo na kamba. Nguva naye, ambaye wazee wetu walimjua na watoto wetu wanamsikia kwa jina tu, chakula chake ni hicho. Juya la kukokota huyang'oa, nanga huyachimba, na hata baadhi ya wakulima wa mwani huyafyeka ili kupata nafasi ya kupiga vijiti. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 1 Machi kila mwaka kuwa siku ya majani haya. Hukumu ya malisho ya pamoja inayafaa vilevile: ni ya wote, na hana haki mmoja kuyaharibu kwa faida ya siku moja.

Jambo hili si geni kwetu. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka uliofuata alifika Fazlun Khalid, mtu aliyetumikia mazingira kwa mtazamo wa Kiislamu, na kuendesha mafunzo kwa mafundisho ya Qur'ani. Ilionekana kuwa mvuvi asiyetishika na karatasi ya sheria alikuwa tayari kusikiliza alipoambiwa kwamba yeye ni khalifa wa Allah juu ya kile anachokivua.

Tufanye nini?

Tunawausia ndugu zetu mambo machache yaliyo ndani ya uwezo.

Wakati wa kununua mnyama wa udh-hiya, tuulize ametoka wapi na amesafirishwa vipi. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), katika hadithi ya Muslim, ametufunza kwamba tukisafiri wakati wa neema tuwape ngamia haki yao ya kula njiani, na wakati wa ukame tufanye haraka tusiwachoshe. Mnyama aliyekaa siku mbili juu ya lori na chomboni bila majani wala maji amedhulumiwa kabla ya kisu.

Tusifanye israfu ya nyama. Kilo inayotupwa ni nyasi na maji vilivyotupwa.

Kamati za misikiti na masheha wakae na wanavijiji waandike mipaka ya ardhi za pamoja kabla hajaja mnunuzi. Uwanda ukiwa na mwenyewe binafsi aliye radhi, unaweza kuwekwa wakfu kwa ajili ya malisho ya wanyonge. Wanaotoa wakfu wa visima wanajulikana. Wakfu wa malisho nao una thawabu, kwani kiliwacho na mnyama kutoka katika mmea wa Muislamu ni sadaka yake.

Masheikh wetu wausomeshe mlango wa ihyaaul mawat, kwa mifano ya viwanja na fukwe za leo. Mara nyingi tunaupita haraka tukidhani ni mambo ya jangwani.

Na tunapowaombea mvua ndugu zetu wa Bara na Pembe ya Afrika, tukumbuke kuwa nusu ya dua ni mvua kunyesha, na nusu ni ardhi kuwa na cha kuipokea.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Taala) aturuzuku mvua yenye manufaa isiyo na madhara, azihifadhi nyanda na bahari zetu, awape subira waliopoteza mifugo yao, na awape viongozi wetu uadilifu wa Sayyidna Umar. Aamin.

Wallahu a'lam.